Nukta Tatu na Shokapu za Kuazima

Nesi aliingia uani akitembea upande upande kama kaa. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na wa kulia umeishika shokapu ya pikipiki kooni, kama mtu anayemrudisha dukani kuku aliyeuziwa akiwa ameshakufa. Hakusalimia. Aliitupa juu ya meza ya kazi, katikati ya spana na glasi ya chai, chai ikamwagika.

"Mwenye mali, chukua mali yako."

Mwanamke aliyekuwa amepiga magoti mbele ya jiliwa la kubania vyuma hakuinuka upesi. Alimaliza kwanza kukaza alichokuwa anakaza, akafuta mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko hiyo mikono yenyewe, ndipo akatazama. Kwanza shokapu. Kisha mkono. Kisha shokapu tena. Ndivyo alivyo na watu wameshamzoea: ukimwendea umevunjika, ataanza kuijulia hali pikipiki.

"Umeangukia wapi?"

"Kona ya kiwanda cha matofali. Nimepita kwenye kishimo, kishimo cha kuchekesha, hata kuku hawezi kuoga humo. Pikipiki ikaruka. Ikatua, ikaruka tena. Iliporuka mara ya tatu mimi sikuwemo."

"Mfupa?"

"Una ufa. Wiki sita sifanyi kazi. Na aliyenifunga hiki kitambaa ni mwanafunzi niliyemfundisha mwenyewe, amekifunga ovyo, na nilikuwa naumwa kiasi kwamba sikuweza hata kumgombeza."

"Hii si kazi yangu," alisema fundi. "Yangu hairuki mara tatu."

"Igeuze."

Akaigeuza. Chini, karibu na tundu la bolti, zilikuwepo nukta tatu zimepangwa kama mafiga.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, maana nukta zile ndizo jina lake. Jina alilopewa na wazazi liko kwenye kitambulisho na linakaa hukohuko. Mtaani wanamwita Nukta Tatu. Kila shokapu aliyoitengeneza kwa ajili ya mtu fulani aliipiga nukta tatu kwa nyundo na msumari mgumu. Nukta ya kwanza maana yake amempima mteja, yeye na mzigo wake wote, kwenye mizani ya magunia iliyosimama pale getini. Wanene walinung'unika, wembamba walijaza mawe mfukoni, wote walipimwa. Nukta ya pili maana yake springi imechaguliwa kulingana na uzito huo, si kulingana na iliyokuwepo kabatini. Ya tatu aliipiga mwisho, baada ya kuifunga shokapu kwenye pikipiki, kuikandamiza siti kwa viganja viwili na kuiachia. Siti ipande mara moja, itulie. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena kama inayomkonyeza mtu, shokapu inafunguliwa upya. Yenye nukta mbili haikuwahi kuvuka geti.

Sasa hii ilikuwa na tatu, na ilikuwa imemvunja nesi mkono.

Aliibana kwenye jiliwa akaitoa springi, ikabaki bomba na fimbo yake tu. Akaivuta fimbo. Shokapu nzima hukataa kidogo, kwenda na kurudi, kama mtu mzima anayeombwa jambo: atafanya, lakini kwa mwendo wake. Hii ilitoka bila neno lolote. Akaisukuma, ikaingia vilevile. Ingekuwa pampu ya baiskeli ingekuwa imetupwa. Alipitisha ukucha kwenye fimbo, ukakwama penye mikwaruzo. Akailaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kuibingirisha. Ikabingirika kwa kuchechemea, imepinda. Akafungua bomba. Mafuta yaliyomiminika kwenye bakuli yalikuwa meusi, mepesi kama maji ya kuoshea masufuria, na yalinuka kuungua.

Kisha akaichukua springi na kuchungulia kati ya mizunguko yake. Ndani kabisa, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kulikuwa na alama ndogo ya rangi ya njano.

Nukta Tatu aliiweka springi chini, akashika ukingo wa meza. Nesi, ambaye amewahi kuwaona watu wengi kabla hawajazimia, akasogeza kiti. Lakini huyu hakuwa anazimia.

"Kaka!" Bati la paa lilitetemeka. "Kaka, njoo huku!"

Kaka yake alikuwa mbele, chini ya kibanda cha wateja, anasimulia. Alimzidi dada yake miaka minne na kilo thelathini, na wala hakuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watu, kuwaandikia siku ya kurudi na kuwapa moyo. Mtaa mzima ulimpenda. Wakamwita Haina Shida, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo duniani. Ukimwomba kiti, haina shida. Ukimwomba umaliziwe kazi yako leo kabla ya watu saba waliokutangulia, haina shida. Tangu azaliwe hakuna aliyemsikia akimwambia mtu hapana, isipokuwa mkewe, na hata huyo alisema aliisikia usingizini.

"Nipo, mdogo wangu. Kuna nini? Aa, dada nesi! Pole sana. Umefanyaje mkono?"

"Nimepigwa na shokapu uliyoniazima," alisema nesi.

Neno hilo lilianguka uani kama spana kwenye sakafu ya saruji.

"Aliyokuazima," alirudia Nukta Tatu, polepole. "Kaka. Kwa heshima zako zote, na wewe ni mkubwa wangu, na mama alinikataza nisikutukane: umewaazima watu shokapu zilizokufa?"

"Zilizokufa ni neno kubwa..."

"Nilizitia msalaba wa njano!"

"Niliufuta kwa petroli. Ile rangi ilikuwa inawatisha."

"Ndiyo kazi yake! Niliiweka iwatishe! Ulifikiri nimezipamba?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shokapu za Nukta Tatu zilizotumika miaka zikazeeka zilirudi kwake, na mwenyewe akatengenezewa nyingine. Zile za zamani alizipima. Ambazo fimbo imepinda au bomba limelika alizitia msalaba wa njano na kuziweka kwenye pipa nyuma ya choo. Kanuni yake mwenyewe ilisema zikatwe vipande viwili siku hiyohiyo, ili asije mtu akazifunga tena. Pipani mlikuwa na jozi nne. Kaka yake, ambaye hawezi kumtazama mtu aliyeambiwa asubiri wiki mbili bila kumwonea huruma, alikuwa anapita nyuma ya choo, anachagua jozi, anaipangusa vizuri na kuifunga kwa mikono yake miwili. "Tumia hizi kwa muda," anasema, "haina shida." Walipoona nukta tatu, nani angeuliza?

"Ni kwa muda tu, mdogo wangu. Wewe kila mtu unamwambia wiki mbili. Watu wana kazi zao. Nikaona mtu asikae bure. Tena sikuwatoza kitu!"

"Ahsante sana," alisema nesi. "Nimevunjika bure."

Nukta Tatu alikwenda nyuma ya choo akachungulia pipani. Imebaki jozi moja.

"Mbili nyingine ziko wapi?"

"Moja kwa kinyozi."

"Na nyingine?"

Haina Shida alijikuna shingo. "Muuza mayai."

"Yule anayempakia binti yake?"

"Saa tisa ndiyo anamchukua shuleni," alisema kaka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakutabasamu.

Njia ya kutoka shule ile ni mteremko mrefu wenye matuta manne yaliyofuatana, na hakuna dereva asiyeujua. Shokapu iliyokufa kwenye tuta moja inamrusha mtu. Kwenye manne inajumlisha: hujamaliza kurushwa na la kwanza, la pili limeshafika. Nukta Tatu alitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi. Alivaa kofia ngumu, akachukua nyingine na kumtupia kaka yake tumboni.

"Twende."

Nesi alivuta kiti kivulini akasema yeye haendi popote mpaka aone mwisho wake.

Kwa kinyozi hawakuchukua hata dakika tano. Pikipiki yake husimama mbele ya kibanda chake mwaka mzima kama pambo. Huikalia wateja wanaosubiri zamu. Nukta Tatu alizifungua shokapu huku mteja mmoja bado amekaa juu ya siti anasoma gazeti, mtu wa watu akashuka chini taratibu na habari zake za michezo.

Njiani Nukta Tatu aliendesha bila hata kugeuza kichwa, na kaka yake, aliyekaa nyuma akiwa na shokapu mbili kifuani, alijua afadhali angetukanwa. Alimfahamu. Mdogo wake huyu hakuzaliwa fundi. Miaka minane alisambaza mikate kwa pikipiki, makreti mgongoni, maduka ishirini na matatu kila asubuhi, mpaka akafika mahali hawezi kuinama avae viatu. Daktari akamwambia apumzike. Yeye badala ya kupumzika akapandwa na hasira. Akataka kumjua ni nani hasa anayempiga mgongo kila siku. Akazifungua shokapu za pikipiki ya tajiri wake juu ya gazeti, sebuleni kwa mama yao, akakuta ndani kijiko kimoja cha maji meusi. "Kumbe ni wewe," aliiambia ile shokapu, na mama yao akatoka jikoni kuuliza anagombana na nani. Wapo wanaosomeshwa na wazazi, wapo wanaosomeshwa na mashirika. Huyu alisomeshwa na hasira, na hasira ilimfundisha vizuri.

Muuza mayai walimkuta nyumbani kwake, anafunga trei tupu kwa mpira. Alikuwa mtu wa sauti nyororo na mashavu ya mtoto.

"Fundi mwenyewe! Karibu, mama, karibu. Nilikuwa nataka kukutafuta nikushukuru."

"Nimefuata shokapu zako za kuazima. Zifungue."

"Ndizo hizohizo nilizotaka kukushukuru! Aisee. Nimeendesha pikipiki miaka kumi na tano, sijawahi kukalia kitu laini namna hii. Kama godoro! Mayai yangu yanalala usingizi njiani. Hata usinitengenezee zile nyingine, mimi nimeridhika na hizi."

Nukta Tatu alifumba macho. Kati ya matusi yote aliyowahi kutukanwa kwenye kazi hii, na ametukanwa sana, hili lilikuwa la kwanza kuja limevaa shukrani.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, sauti iliyomfanya kaka yake arudi nyuma hatua mbili, "hiyo si laini. Hiyo imekufa. Maiti nayo huwa imelegea, lakini huwezi kuilalia ukasema umepata godoro."

"Ah, mama, mafundi mna maneno. Zina nukta zako tatu hapa, nimeziona kwa macho yangu."

Nukta Tatu akaikandamiza siti kwa viganja viwili, akaiachia. Siti ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Alihesabu kwa sauti. Alifika tano.

"Umeona?"

"Nimeona inabembea. Binti yangu anapenda kubembea."

Kaka alikohoa ili asicheke. Ilikuwa bahati mbaya kwake, kwa sababu ndipo dada yake alipokumbuka kuwa yupo.

"Una trei yenye mayai humo ndani?"

"Zipo."

"Niuzie moja. Tena fuata nyuma kwa miguu, mzee wangu, shule si mbali. Nitaiendesha mimi. Kaka atakaa pale anapokaa binti yako, atashika mayai."

"Mdogo wangu..."

"Haina shida," alisema Nukta Tatu. "Si ndivyo?"

Mteremko ulikuwa mtupu, watoto bado wako madarasani. Muuza mayai alisimama kando ya tuta la mwisho, mikono kiunoni, anatabasamu kama mtu aliyealikwa kwenye mchezo wa kuigiza. Kutoka juu kabisa, Nukta Tatu alimuuliza kwa sauti mwendo anaopitia nao hapo akiwa na mtoto. Mzee akajibu kwa kupaza sauti kwamba ni wa polepole tu, gia ya pili. Nukta Tatu akashuka kwa gia ya pili, wala hakuuzidisha mwendo huo hata kidogo.

Tuta la kwanza pikipiki ilinesa, mayai mawili yakaruka na kurudi mahali pake, kaka akacheka. La pili liliikuta siti bado inapanda, likaiongeza. Mayai sita yakatoka safari na hayakurudi. La tatu lilimnyanyua Haina Shida na kilo zake zote; mwanga wa mchana ulionekana kati ya makalio yake na siti, na trei, ambayo haikuwa na wa kuishika tena, ikageuka juu chini kifuani pake. Nukta Tatu, ambaye alilijua hilo tangu juu, aliikamata pikipiki kwa magoti, akakata mwendo kabla ya tuta la nne na kuisimamisha mbele ya mwenyewe.

Kaka alikuwa wa njano kuanzia kidevuni hadi kwenye mkanda. Ganda moja lilimning'inia sikioni.

Muuza mayai hakucheka. Alikuwa anatazama ile nafasi ya nyuma ya siti, mahali ulipoonekana ule mwanga. Kaka mtu ana kilo tisini na alinyanyuka. Binti yake ana ishirini na mbili.

"Siku zote hizi," alisema, "alikuwa ananiambia 'baba, nimeruka'. Mimi nikawa namwambia ashike vizuri."

Nukta Tatu alipiga magoti hapohapo kando ya barabara, akatoa spana, akazifungua zote mbili. Alipomaliza alimwambia kwamba zake mpya zitakuwa tayari keshokutwa na si kabla, kwamba pikipiki watakuja kuichukua na mkokoteni, na kwamba kosa si lake yeye mteja. Alisema maneno hayo kwa ukali mno hata mzee wa watu akadhani anakaripiwa, akaomba radhi. Kisha akaanza kupanda mteremko kumngoja binti yake getini. Walirudi kwa miguu siku hiyo.

Uani nesi alikuwa bado kivulini, ameshapewa chai nyingine. Alipomwona Haina Shida alivyopakwa mayai alicheka mpaka akaushika mkono mbovu kwa maumivu.

Nukta Tatu alilivuta pipa kutoka nyuma ya choo mpaka katikati ya uwanja, akamkabidhi kaka yake msumeno wa chuma.

"Kata."

"Nibadili shati kwanza?"

"Kata ukiwa hivyohivyo."

Akakata. Bomba la shokapu ni chuma cha ubishi. La kwanza lilimchukua robo saa, jasho likachanganyika na mayai, nzi wakaalikana. Alipofika la tatu alisimama, akahema, akasema jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu njiani.

"Lakini mdogo wangu, mimi nimekosa, sikatai. Ila hizi mbona zilikuwa nzima? Kanuni si unakata siku hiyohiyo? Ungekata, mimi ningeazima nini?"

Nesi aliacha kunywa chai.

Nukta Tatu alitazama pipani. Jozi iliyobaki mle, ambayo kaka hakuigusa kwa sababu ilionekana mbaya hata kwake, ilikuwa na nukta zilizopinda, moja imepigwa mara mbili kwa kukosewa. Ilikuwa jozi ya kwanza kabisa aliyowahi kuitengeneza. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza aliyoshindwa kuikata. Na alipoiacha hiyo, zilizofuata nazo zikawa ngumu kukata. Akawa anajiambia fimbo zitafaa kwa kitu, springi zitafaa kwa kitu, kesho. Alikuwa na alama ya shokapu kuzaliwa, tena alama ya chuma. Ya kufa kwake alikuwa ameiandika kwa rangi inayofutwa na petroli.

"Lete huo msumeno," alisema.

Aliibana jozi yake ya kwanza kwenye jiliwa na kuanza kuikata kwenye nukta zenyewe, katikati. Hasira haikuwa imeisha. Ilikuwa imepata tu mtu mwingine wa kumwendea, na mtu huyo alikuwa ameshika msumeno.

"Dada nesi," alisema bila kugeuka, "kosa la mkono wako ni langu na la huyu, nusu kwa nusu. Ukipona, utapanda tena mizani."

"Nimepungua," alisema nesi. "Andika hivyo kabisa."

Geti likalia. Aliingia dereva mmoja wa magunia ya mkaa, shokapu zake zinavuja mafuta mpaka kwenye gurudumu, akaenda moja kwa moja kwa Haina Shida na kumkumbatia begani kabla hajaona mayai.

"Kaka mkubwa! Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mtu. Nasikia mna za kuazima. Nifungie hata sasa hivi, nina safari."

Msumeno ulisimama. Haina Shida alitazama pipa tupu, akatazama kiganja chake chenye malengelenge, akatazama mkono wa nesi uliofungwa kitambaa. Midomo yake ilianza kutengeneza lile neno la siku zote. Unaweza kusema ilijiendea yenyewe kwa mazoea. Akaikamata.

"Ha... hapana," alisema. Lilitoka kama jino. "Hatuazimi. Panda mizani. Wiki mbili."

Dereva wa mkaa aliuondoa mkono begani kwake.

"Na wewe umekuwa kama dada yako?"

Haina Shida aligeuka kumtazama dada yake, labda amsikie akisema lolote. Dada yake alikuwa ameshainama tena, na msumeno unakwenda.

"Umesikia alichokwambia," alisema. "Na mkaa wote pandisha kwenye mizani, usibakize gunia chini."